Miwani Moja kwa Dawati Zima

Mtoto anayesoma Singida mjini hana haja ya kuvalishwa miwani ya uhalisia pepe ili aone ziwa. Singidani liko pale pale, Kindai liko jirani, na msimu ukiwa mzuri heroe wamejaa majini. Akitaka majabali, ageuze shingo. Akitaka alizeti, apande basi la kwenda Ikungi mwezi wa Machi, ataziona mpaka azichoke. Lakini muulize mtoto huyo huyo kwa nini maji ya Singidani yana chumvi wakati mvua inayolijaza haina. Hapo ndipo kazi inapoanza. Maji yanaingia ziwani, hayana mto wa kutokea, jua linayavukiza na kuyaacha madini nyuma, na hali hiyo imejirudia kwa maelfu ya miaka. Hakuna mahali unapoweza kumsimamisha mwanafunzi akalitazama tukio hilo. Kama miwani hii ina kazi yoyote katika shule zetu, ni kuonyesha kisichoonekana. Ya kuonyesha ziwa tuwaachie wanaouza utalii.

Nasema hivi kwa sababu utaratibu wa kutambulisha vifaa hivi kwenye maonyesho ya elimu tunaujua. Mwanafunzi anavishwa miwani, anapapasa hewani, anapiga ukelele, wenzake wanaangua kicheko. Kisha mgeni rasmi naye anavishwa, picha zinapigwa, na vifaa vinarudi kwenye boksi. Swali linaloachwa mezani ni kama mtoto yule ametoka na kitu kichwani ambacho hakuwa nacho alipoingia.

Wapo waliolichukua swali hilo kwa uzito. Mwaka 2019, Guido Makransky wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi 52 wa chuo. Wanafunzi walifanya somo la maabara ya kuigiza, mara kwenye kompyuta ya kawaida, mara ndani ya miwani, huku vipimo vya umeme wa ubongo vikionyesha akili inavyolemewa. Matokeo yake yanafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya manunuzi. Ndani ya miwani wanafunzi walijisikia wako maabara kweli kweli, lakini walijifunza kidogo kuliko walipotumia kompyuta, na akili zao zilikuwa zimeelemewa zaidi. Mwaka mmoja kabla, Jocelyn Parong na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walikuwa wamekuta jambo la jinsi hiyo hiyo: waliosafiri ndani ya mishipa ya damu kwa miwani walifurahi zaidi, ila waliopitia slaidi za kawaida walijibu maswali vizuri zaidi.

Sababu yake haina uchawi. John Sweller, mtaalamu wa saikolojia ya elimu wa Australia, amekuwa akilieleza jambo hili tangu mwaka 1988. Sehemu ya akili inayoshughulikia mambo mapya kwa wakati huo huo ni finyu mno. Ukiijaza, la ziada linamwagika. Sasa mvishe mtoto miwani yenye anga zima la rangi, sauti kutoka kila upande, mikono miwili ya kuigiza na vitufe asivyovizoea, halafu umtake wakati huo huo aelewe kinachotokea ndani ya seli. Nafasi yote imeshaliwa na mapambo. Mchoro wa chaki ubaoni, kwa unyonge wake wote, hauna tatizo hilo.

Je, tuachane nayo basi? Hapana, maana Parong na Mayer walifanya jaribio la pili. Safari ile ile ya miwani waliikatakata vipande, na baada ya kila kipande mwanafunzi alivua miwani na kuandika kwa maneno yake alichokiona. Kundi hilo liliwapita waliotazama mfululizo bila kusimama. Kifaa hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mtu alilazimika kusimama na kufikiri. Na kundi la Makransky, katika utafiti mwingine wa mwaka 2019, lilionyesha kuwa kuwafundisha wanafunzi majina ya sehemu na vitu kabla ya kuvaa miwani kunasaidia kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo dakika zenye faida zaidi katika somo la miwani ni zile ambazo miwani haiko machoni: kabla na baada. Anayebuni mchezo wa elimu akabuni tu sehemu ya katikati amebuni burudani.

Hapa nchini tunao ushahidi wetu kuhusu michezo ya kujifunzia, na hauna haja ya kuagizwa Ulaya. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15. Watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pamoja na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Mwalimu hakuwepo. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019, kampuni ya Enuma kwa mchezo wake wa Kitkit School na shirika la onebillion wakatangazwa washindi wa pamoja.

Takwimu ile huwa inasomwa upande mmoja tu. Nusu walitoka kwenye ujinga wa kutojua kusoma bila mwalimu, na hilo ni jambo la kupigiwa makofi. Nusu nyingine walibaki pale pale baada ya mwaka mzima na ushee wakiwa na mashine mkononi. Mimi nachukua mafunzo mawili hapo. La kwanza, michezo iliyofanya vizuri haikuwa ya kifahari: hatua fupi fupi, jibu la papo hapo, lugha ambayo mtoto anaielewa, picha bapa za kawaida. La pili, mtoto akiachwa na mashine peke yake, mashine ina mahali inapofika ikagota.

Turudi Singida, maana hapa kuna shamba la majaribio ambalo wabunifu hawajaliona. Tuchukue alizeti, zao ambalo mkoa huu unajulikana nalo nchi nzima. Mwanafunzi wa kidato cha pili amezaliwa katikati ya alizeti, amepalilia, amevuna, amebeba magunia hadi mashine ya kukamua. Muulize uzito wa mmea ule umetoka wapi. Wengi, hapa na duniani kote, watasema umetoka kwenye udongo. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alilijaribu swali hilo huko Flanders kwa kuukuza mti miaka mitano, akiupima pamoja na udongo wake. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1648, yalionyesha mti umeongezeka takriban kilo 74 wakati udongo umepungua gramu chache tu. Akahitimisha kuwa uzito wote ni maji. Alipatia nusu, kwa kuwa hewa hakuifikiria. Mwanasaikolojia Jean Piaget angesema kwamba mwanafunzi wetu hana kichwa kitupu cha kumiminiwa. Ana maelezo yake tayari, nayo hayaondoki kwa kuambiwa kuwa ni makosa. Yanaondoka yanapogonga ukuta.

Mchezo ndio uujenge ukuta huo. Mwanafunzi akivaa miwani yuko ndani ya jani la alizeti, kwenye kile kitundu kidogo ambacho wanabiolojia wanakiita stomata. Mikono yake ndiyo milango. Akifungua, hewa ukaa inaingia, sukari inatengenezwa, mmea unanenepa. Lakini papo hapo maji yanatoroka. Akifunga, maji yanabaki na njaa inaanza. Hasogei hatua hata moja, na hilo ni la makusudi: miwani inapomsafirisha mtu aliyesimama, macho yanasema tunakwenda huku sikio la ndani likisema tumetulia, na ugomvi huo ndio unaoleta kizunguzungu na kichefuchefu. Kila raundi dakika nne, kisha miwani inavuliwa.

Sasa, hapo ndipo mtu atauliza: darasa lina wanafunzi 80, shule ina miwani tatu, inakuwaje? Bei nayo ni swali. Miwani ya bei nafuu ya kampuni ya Meta ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299, yaani karibu laki nane za Kitanzania kabla ya kodi na usafiri. Hakuna shule ya kata itakayonunua 80. Jibu la kawaida ni kupanga foleni: mmoja anavaa, 79 wanasubiri wakipiga soga. Hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote, na ndiyo ninayoiona ikija.

Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Kanada, Steel Crate Games, ilitoa mchezo uitwao Keep Talking and Nobody Explodes. Mchezaji mmoja amevaa miwani na mbele yake kuna bomu. Anaona nyaya na vitufe vyote ila hajui la kufanya. Wenzake wameshika kitabu cha maelekezo kilichochapwa kwenye karatasi. Wanajua la kufanya, ila bomu hawalioni. Asiyezungumza kwa ufasaha analipukiwa. Waliobuni mchezo ule hawakuwa na habari ya shule, lakini wametuletea suluhisho la darasa la Singida bila kujua.

Mchezo wa jani ujengwe vivyo hivyo. Aliyevaa miwani anaona hali ya ndani ya jani na haoni kitu kingine. Wenzake watano kwenye dawati wana karatasi: jedwali la mvua, ambayo Singida huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, hali ya unyevu wa udongo wiki kwa wiki, saa za jua kali. Kabla ya kila raundi wanaandika utabiri: tukifungua milango saa sita mchana mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekatika, nini kitatokea? Halafu wanaelekezana. Anayeona anasema, wenye karatasi wanaamua, mmea unaishi au unanyauka. Ukinyauka, hakuna aliyepoteza shamba. Raundi inayofuata mwingine anavaa. Wabishane kwa Kiswahili kadiri wanavyotaka, maana ndiyo lugha wanayofikiria, kisha hitimisho waliandike kwa Kiingereza cha mtihani.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alituachia wazo ambalo walimu wote wamelikariri vyuoni na wachache wanalitumia: kati ya yale mtoto anayoyaweza peke yake na yale asiyoyaweza kabisa, kuna eneo la mambo anayoyaweza akishikwa mkono na anayejua zaidi. Miwani ya mtu mmoja inaliua eneo hilo. Inamfungia mtoto kwenye dunia ambayo mwalimu hawezi kumfikia. Miwani moja kwa dawati zima inalifungua. Ndiyo maana naona uhaba wa vifaa, safari hii, unaweza kutulazimisha kubuni vizuri kuliko wenye vifaa vya kumwaga. Na wale wasiokuwa na zamu ya miwani watoke nje na mafuta ya mgando, wayapake majani ya kweli, mengine upande wa chini, mengine wa juu, wakaone ni lipi linalokawia kunyauka. Jaribio hilo ni la zamani, halina gharama, na miwani haipaswi kulifukuza.

Kuna nadharia nyingine ambayo Waafrika tulistahili kuinukuu zaidi, kwa kuwa imetoka kwa mafundi wetu. Mwanaanthropolojia Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Liberia miaka ya 1970, akaona kwamba mwanagenzi haanzi na kukata kitambaa. Anaanza mwisho wa kazi: vifungo na pindo. Kisha anashona. Kukata kunakuja mwisho kabisa. Mantiki yake ni gharama ya kosa: kifungo ukikikosea unakifumua, kitambaa ukikikosea umekiharibu. Pita kwa fundi yeyote wa soko la Singida utaona mpangilio huo huo, ingawa hajawahi kumsikia Lave. Wahadzabe wa Mkalama nao hufundisha hivyo: watoto wanachimba mizizi na kuokota ubuyu wakiwa wadogo, wakijichanganya na wakubwa wao, bila somo wala ubao.

Ndani ya miwani kosa halina gharama, kwa hiyo mpangilio wa fundi unaweza kugeuzwa. Mwanagenzi anaweza kuanza na kosa la bei ghali kuliko yote. Nafikiria wachimbaji wadogo wa Iramba na Ikungi. Sekenke dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mchimbaji anayechoma zebaki ili abaki na dhahabu yake anavuta mvuke ambao hauonekani. Angeuona ukitambaa kutoka kwenye karai mpaka kwenye mapafu yake, na kwa mtoto aliyekaa pembeni, angekuwa na somo ambalo bango la ofisi ya madini halijaweza kulitoa. Vivyo hivyo duara, yaani shimo la mchimbaji, linaloanza kutitia: zile ishara za mwanzo, ambazo anayezijifunza kwa uzoefu wakati mwingine hapati nafasi ya kuzitumia tena. Kama mamlaka ya ufundi stadi, VETA, au ofisi ya madini ya mkoa ina fedha za jaribio moja tu, mimi ningeziweka hapo kabla hata ya kwenda sekondari.

Shule za msingi tuziache kwanza. Watengenezaji wa miwani hii wenyewe waliweka umri wa chini kuwa miaka 13, na Meta ilipoushusha mwaka 2023 iliishia 10, tena kwa usimamizi wa mzazi. Watoto wa darasa la kwanza wana kishikwambi, wana vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me, na wana mchanga wa kuchorea. Inawatosha.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yako vitabuni tu. Shamba la shule lilikuwa jibu lake. Tunajua lilikoishia katika shule nyingi: jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na hakuna aliyeulizwa kwa nini mstari huu umestawi na ule umedumaa. Mwaka 2012 likaja agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata. Wananchi walichangishwa, majengo yakasimama, na mengine yakakaa muda mrefu bila bomba, gesi wala kemikali. Mara zote mbili nia ilikuwa njema na kifaa kilitangulia. Fundisho lingefuata baadaye, na baadaye haikufika. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kufanya na si kukariri tu. Ni mwaliko mzuri kwa michezo ya namna hii. Ni mwaliko pia kwa wauzaji.

Na wauzaji wakija, waulizwe kuhusu kesho. Google ilianzisha Expeditions mwaka 2015, safari za kidijitali kwa miwani ya boksi la karatasi na simu. Walimu wengi duniani waliipenda. Juni 2021 ikafungwa, na walioizoea wakalazimika kutafuta njia nyingine. Mchezo wa shule zetu uwe wa msimbo huria, ufanye kazi bila intaneti, usidai akaunti ya kigeni kila unapowashwa, na uvumilie vumbi la upepo wa Singida na betri inayodumu saa mbili hivi. Michezo iliyofika fainali kule Tanga iliwekwa wazi kwa yeyote kuichukua, na nadhani hilo ndilo sharti bora kuliko yote waliyoweka. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi na Piaget kabla ya kwenda Marekani, alitumia maisha yake kudai kwamba mtoto hujifunza zaidi anapoutengeneza mchezo kuliko anapoucheza. Wapo vijana vyuoni, Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar, wanaoweza kujenga jani la alizeti. Wanachokosa ni mwalimu wa biolojia wa kukaa nao meza moja tangu siku ya kwanza, na fedha za kumlipa mwalimu huyo muda wake.

Kwa mwalimu anayesoma makala hii kutoka Kiomboi, Manyoni au Nduguti: usisubiri mfadhili. Mchezo wa jani unaweza kuchezwa wiki ijayo kwa shilingi elfu chache. Mwanafunzi mmoja akae nyuma ya shuka na kadi zinazoonyesha hali ya ndani ya jani. Watano wakae mbele na jedwali la mvua. Wewe ubadilishe kadi kadiri wanavyoamua. Wakibishana mpaka kengele inalia, mmepata mchezo. Andika barua halmashauri na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), uombe miwani. Wakikaa kimya wakisubiri wa nyuma ya shuka amalize zamu yake, usiombe kitu. Rekebisha kadi kwanza.